Moto mmoja, kazi nne: lugha ya gereji na injini za tabo

Kuna neno ambalo limenisumbua tangu nianze kuwasikiliza kwa makini mafundi wa magari wa mjini Machakos, nalo ni neno ambalo kila mtoto wa chekechea analijua: moto. Fundi akipima waya na kukuta haupitishi umeme, husema, "Hii haina moto." Akitoa plagi, akaiona cheche yake hafifu, husema, "Moto ni kidogo." Injini ikizidi joto, hiyo nayo ina moto. Petroli inayoungua ndani ya silinda ni moto pia. Kisha vijana wakilisifu gari linalopanda mlima bila kuhema, utasikia, "Hiyo iko moto!" Hilo la mwisho ni sifa tu na halimdhuru mtu. Manne ya kwanza ndiyo yenye kesi.

Kiswahili hakikosi maneno ya kuyatenganisha. Tuna umeme, tuna cheche, tuna joto, tuna mwako. Katika mazungumzo ya kawaida, kuyaingiza yote katika kapu moja la moto hakuleti hasara. Hasara huanza pale mtu anapotaka kuboresha mtambo wa kuwashia mafuta katika injini yenye tabo, kwa sababu hapo vitu hivyo vinne vinatakiwa viende pande tofauti: umeme uwe imara, cheche iwe ya hakika, mwako uanze kwa wakati wake, na joto la plagi lipungue. Mwambie mtu "ongeza moto" na hutajua ameongeza kipi.

Mpwa wangu ana Subaru Forester ya tabo, na hapa Machakos hayuko peke yake. Subaru zina wapenzi wake tangu enzi za Patrick Njiru kuziendesha katika Safari Rally miaka ya 1990. Gari lilikuwa likingurumia mahali pamoja bila tatizo, lakini likikanyagwa kupanda kuelekea milima ya Iveti linakwama na kutetema. "Inamisi, Mjomba," aliniambia, "na fundi anasema nitafute plagi baridi. Mimi nina shida ya moto, yeye ananiambia baridi! Si huyo anataka kuizima kabisa?" Akaenda duka jingine, akaomba plagi "za moto zaidi", naye muuzaji akampa alichoomba. Juma hilo hilo alikuwa pia ameongezewa msukumo wa tabo. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa na tundu ambalo ungeweza kuchungulia upande wa pili.

Kuanzia hapo sikuliona tena jambo hili kama mchezo wa msamiati.

Kwanza niseme kidogo juu ya ukoo wa maneno yenyewe. Moto ni ndugu wa joto na wa kitenzi kuota, kama tunavyoota moto asubuhi za Julai. Mzizi wao ni mmoja, kwa hiyo moto kwa asili yake ni kile ambacho binadamu hujipasha nacho. Mwako ni wa ukoo mwingine, ule wa kuwaka na kuwasha. Wakamba huuita moto mwaki, na msomaji Mkamba hahitaji profesa wa kumweleza kwamba mwaki na mwako ni watoto wa nyumba moja. Ajabu ni kwamba kijana wa Mutituni anayeingia gereji akiwa na neno la kwao lenye kusema hasa kuwaka, huliacha mlangoni na kuchukua moto la Kiswahili, lenye asili ya kujipasha, kisha analitwisha mzigo wote.

Tabo nayo (nitaiandika inavyotamkwa) inatokana na Kilatini, turbo, neno lililotumika kwa kitu kinachozunguka kwa kasi, kama pia anayochezea mtoto au kimbunga. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo huzungusha lenzake lililo kwenye mhimili huo huo, na hilo la pili husukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu kuliko vile injini ingeivuta yenyewe. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Sisi tunaoishi juu tunaielewa faida yake haraka. Machakos iko yapata mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 tu ya lile la Mombasa. Injini isiyo na tabo ikipanda kutoka pwani huanza kupumua kama mzee kwenye ngazi. Yenye tabo hujazia upungufu. Si ajabu kwamba Toyota Celica zilizotwaa Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986 zilikuwa za tabo.

Lakini hewa iliyoshindiliwa ina deni lake, na deni hilo hulipwa kwenye plagi.

Cheche ya plagi ni umeme unaoruka nafasi ndogo iliyo wazi kati ya ncha ya katikati na kijikono cha chuma kilichopinda juu yake. Hewa haipendi kupitisha umeme. Ili uruke, sharti usukumwe kwa volti nyingi. Mwaka 1889 Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika hutegemea mambo mawili yakizidishwa pamoja: shinikizo la gesi na umbali kati ya ncha na ncha. Mfikirie mtu anayevuka umati katika kile kituo cha mabasi cha Nairobi tunachokiita Machakos. Umati ukiwa mwembamba, atapita tu. Ukishonana, ama asukume kwa nguvu zaidi, ama apunguziwe masafa. Tabo inapoanza kusukuma, umati ndani ya silinda unashonana ghafla. Ndiyo maana gari la mpwa wangu lilitulia likiwa limesimama, likakwama mlimani. Mahitaji ya volti yalipanda, koili zikashindwa kuyafikia, cheche isiruke, na petroli ikatoka bila kuungua. Huko ndiko "kumisi".

Wapo wanaosema kwamba tabo "inapuliza cheche ikazimika". Ni tamathali tamu, lakini inapotosha. Cheche haizimwi kama mshumaa dirishani. Mara nyingi haikuwahi kuruka hata kidogo.

Tiba ya kwanza basi ni kupunguza masafa, na hapa Kiswahili kina neno ambalo mafundi wamelisahau. Wao husema gepu. Sisi tuna mwanya. Mwanya ni nafasi ndogo kati ya vitu viwili vilivyokaribiana, na hasa ile ya meno ya mbele ambayo watu wengi wa pwani na bara huihesabu kuwa uzuri. Si pengo. Pengo ni mahali jino lilipong'oka. Mwanya umekusudiwa, una kipimo, una kazi. Sijaona neno linaloifaa plagi kuliko hilo. Injini isiyo na tabo huweza kuwa na mwanya wa milimita 1.0 au 1.1. Za tabo nyingi hutaka kama 0.7 au 0.8, na aliyeongeza msukumo wa tabo huweza kushuka hadi 0.6. Kitabu cha gari lenyewe ndicho msema kweli, si mimi wala jirani yako. Mwanya ukizidi kuwa mdogo, cheche nayo inakuwa fupi mno na injini hutetema ikiwa imetulia, kwa hiyo kubana bila kipimo si uhodari.

Kipimo chenyewe ni kile kijitabu cha vibati vyembamba ambacho kila fundi anacho mahali fulani chini ya spana. Kwa plagi zenye ncha ya iridiamu ni vizuri kupinda kijikono cha pembeni peke yake, wala usitumie ncha ya katikati kama egemeo. Ni nyembamba kama uzi wa kalamu ya penseli na huvunjika upesi. Tena, usiamini maneno "imepimwa kiwandani" yaliyo kwenye boksi. Plagi huanguka njiani, na plagi feki hazikupimwa na mtu yeyote.

Tiba ya pili ni koili, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Koili huchukua volti 12 au 14 za gari na kuzigeuza kuwa maelfu kwa maelfu. Kompyuta ya gari huruhusu umeme uingie katika koili kwa milisekunde chache, kisha huukata ghafla. Kukatika huko ndiko huzaa volti kubwa. Msingi wa jambo hili aliugundua Michael Faraday mwaka 1831, na Charles Kettering aliuweka katika magari ya Cadillac kiasi cha miaka 80 baadaye kwa betri, koili na plagi. Kilichobadilika ni kwamba magari mengi ya sasa yana koili moja juu ya kila plagi. Fanya hesabu ndogo: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 25 kwa sekunde. Kutoka Machakos hadi Nairobi, kilomita sitini na kitu, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa (tuseme barabara imekubali), kila plagi itakuwa imewasha zaidi ya mara 50,000. Gari lililokuja kutoka Japani likiwa na umri wa miaka saba limefanya kazi hiyo kwa muda mrefu kabla hujalilipia ushuru. Koili huchoka. Mipira yake hupasuka. Sili za kifuniko cha valvu zikivuja, mafuta huingia katika shimo la plagi na kuulainisha mpira hadi umeme utafute njia ya mkato.

Kwa hiyo kubadilisha koili zilizochoka ni matengenezo halali. Lakini kununua koili "za mbio" ukiweka kwenye injini nzima isiyoguswa ni hadithi nyingine. Watu hawajui kwamba volti za koili hupanda hadi pale tu mwanya unapovukwa, basi. Kama silinda yako inadai volti 15,000, koili iliyoandikwa 40,000 haitatoa 40,000. Itatoa 15,000 na cheche itaruka. Akiba iliyobaki ina maana ukiongeza msukumo wa tabo, au mwanya unapopanuka kwa uzee. Wenye Volkswagen na Audi za tabo wanajua koili nyekundu za Audi R8, zinazoingia katika baadhi ya injini hizo kana kwamba zilitengenezewa humo. Ni koili nzuri. Kama za zamani zilikuwa nzima, hazitakuongezea hata nguvu ya farasi mmoja. "Zinaongeza moto, Prof," fundi mmoja alinisihi. Zinaongeza moto upi? Akacheka, akaniuliza kama nimekuja kutengeneza gari au kusahihisha insha.

Kabla ya koili, ningependa mtu apime vitu vya bei nafuu. Injini ikiwaka, chaji ifike karibu volti 14. Koili isiyopata volti za kutosha haijai kwa wakati, na cheche huwa dhaifu hasa injini inapozunguka kwa kasi. Kisha atazame waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi. Neno hilo ni Kiingereza kilichozaliwa upya midomoni mwa mafundi. Wanaoishi karibu na Mto Athi wamezoea utani kwamba gari la kaunti hii haliwezi kukosa athi. Linaweza, na mara nyingi. Nati moja yenye kutu imewahi kuwauzia watu koili nne.

Sasa nirudi kwenye plagi baridi, ambayo ndiyo iliyomtia hasara mpwa wangu.

Plagi haiitwi baridi kwa sababu cheche yake ni baridi. Cheche ya plagi baridi na ya plagi moto ni ile ile. Tofauti ni jinsi plagi inavyolitoa joto lake lenyewe. Ukitazama plagi utaona kauri nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Kauri hiyo ikiwa ndefu ndani ya plagi, joto lina safari ndefu kabla ya kufika kwenye chuma cha injini, kwa hiyo ncha hubaki na joto jingi: hiyo ndiyo plagi moto. Ikiwa fupi, joto hutoka haraka: plagi baridi. Ncha inatakiwa ikae kati ya nyuzi 450 na 850 hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanagandamana na kuiba umeme. Juu ya hapo ncha huwa kaa la moto ndani ya silinda, na kaa halingoji cheche. Linawasha petroli lenyewe, pistoni ikiwa bado inapanda. Pistoni husukumwa chini na mwako huku ikisukumwa juu na injini, joto linapanda, alumini inayeyuka. Lile tundu ndiko lilikotoka.

Tabo huongeza joto ndani ya silinda, na kwa sababu hiyo anayeongeza msukumo wake hushauriwa kushuka hatua moja ya ubaridi. Katika Subaru nyingi za tabo maana yake ni kutoka namba 6 hadi 7 kwa plagi za NGK. Hapa pana mtego mwingine, na safari hii si wa lugha yetu. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba ikipanda plagi ni moto zaidi. Muuzaji anayelinganisha namba bila kutazama kampuni anaweza kukupeleka upande usiotaka, tena kwa nia njema.

Je, tuiiteje? Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha ufundi wa magari, alipendekeza "plagi ya kupoa haraka" na "plagi ya kupoa polepole". Ni ndefu, najua. Lakini mtu akiambiwa, "Injini yako sasa ina joto zaidi, inahitaji plagi inayopoa haraka," hahitaji shahada kuelewa, na hawezi kudhani kwamba anataka kuzimiwa gari. Kiingereza chenyewe kinasema baridi na moto, na hata huko wenye magari huchanganyikiwa. Hatukulazimika kurithi mkanganyiko pamoja na plagi. Vitabu vya fani hii katika vyuo vyetu ni vya Kiingereza, kazi inafanywa kwa Kiswahili na Kikamba, na kati ya hivyo viwili kijana anajitafsiria peke yake akiwa chini ya gari. Tusimcheke akisema moto kwa kila kitu. Tumpe maneno.

Sipendekezi kwamba gepu, koili au plagi zifukuzwe. Plagi na koili zimekuwa raia. Misi pia naipenda; ina ufupi ambao "kukosa mwako" haina, na fundi akisema "silinda ya tatu inamisi" ametaja mahali na ugonjwa kwa pumzi moja. Mashine ya kusoma hitilafu humwandikia P0303 na kumaanisha yale yale. Ninachotetea ni mwanya, kwa sababu ni letu na ni sahihi, na ile minne niliyoitaja mwanzoni: umeme, cheche, mwako, joto. Ignishoni ina shida yake. Ukiitaja gereji utaonyeshwa tundu la ufunguo, na kwa hiyo kwa mtambo mzima naona "mfumo wa uwashaji" unafaa zaidi.

Limebaki la wakati. Mwako hauji mara moja. Huchukua milisekunde kadhaa kuenea, na kwa sababu hiyo cheche hurushwa kabla pistoni haijafika juu. Silinda ikishindiliwa na tabo, mwako huenda upesi zaidi na hatari ya injini kugonga huongezeka, kwa hiyo kompyuta huichelewesha cheche kidogo. Anayeongeza msukumo bila kupangiwa upya wakati wa cheche amefanya nusu ya kazi, na plagi nzuri hazitamwokoa. Kugonga na mwako wa mapema ni maradhi mawili. Katika kugonga, cheche imeruka kwa wakati wake lakini mabaki ya petroli yanalipuka yenyewe pembeni. Katika mwako wa mapema, cheche haijaruka bado. Moja huita mafuta bora na mpangilio wa wakati, la pili huita plagi inayopoa haraka. Fundi anayeyaita yote "moto mbaya" atajaribu dawa kwa kubahatisha.

Mpwa wangu ametafutiwa injini nyingine. Safari hii ameweka plagi namba 7 zenye mwanya wa milimita 0.7, koili mpya za kawaida, athi zilizosuguliwa, na msukumo wa tabo umerudishwa ulivyotoka kiwandani. Fundi amemwambia arudi baada ya kilomita 500 ili "wasome plagi", msemo wa gereji ambao sina cha kuusahihisha. Kauri ikiwa ya rangi ya kahawia iliyofifia, kama chai ya maziwa iliyopungukiwa majani, mambo ni sawa. Ikiwa nyeusi kwa masizi, plagi inapoa mno au petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa na ina vijipele, ni joto, na asiendeshe kwenda popote mpaka sababu ijulikane.